Mikono Yote ya Kulia

Redio ya Baba Mdogo ilinunuliwa kabla ya kitanda. Jambo hilo Mama Mdogo hajalimeza mpaka leo, na kila mteja anayekuja kupimwa husimuliwa, akiwa amenyanyua mikono na futi imemzunguka kifuani, hana pa kukimbilia. "Niliolewa nikalala chini," humwambia, "ila besi nilikuwa naisikia vizuri sana."

Ni redio ya zile za kupandana kama ghorofa. Juu kabisa ni pa santuri, pamekufa. Katikati redio yenyewe. Chini mahali pa kanda, penye kimlango cha plastiki kinacholia klak ukikifunga. Pembeni spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni, kila moja nzito kama mgonjwa asiyetaka kwenda hospitali. Inakaa sebuleni, na sebule ndiyo karakana: vyerehani vya kukanyaga, meza ya pasi, kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha. Mgeni akitaka kukaa, anakaa kwenye gunia la vipande.

Nilipomaliza darasa la saba, mama alinileta hapa kwa mdogo wake nijifunze kushona. Nilianza na pasi na vifungo, kisha nikakabidhiwa kanda. Kugeuza kanda kwetu ni kazi kama kazi nyingine. Saa ya ukutani haipo, redio ndiyo saa. Kanda ikianza, mafundi wetu wawili wanaanza mikono ya kulia. Upande wa kwanza ukiisha, nafungua kimlango, nageuza kanda, nafunga, klak, napaza sauti, "Geuza!" na wao wanahamia mikono ya kushoto. Upande wa pili ukiisha, chai. Suruali vilevile, mguu huu na mguu huu. Utaratibu huo Mama Mdogo aliubuni kwa ajili ya Kasuku, fundi wetu kijana, ambaye akiongea hukumbuka kila kitu cha kila mtu isipokuwa anachokishona. Fundi wa pili tunamwita Bi Meno. Ni mtu mzima, mkasi unaning'inia shingoni mwake siku nzima, lakini uzi anaukata kwa meno.

Ipo na sheria nyingine: wimbo haukatwi katikati wakati vyerehani vinakwenda. Siku moja umeme ulikatika kwenye kiitikio, mguu wa Kasuku ukasita, kidole kikaendelea, na sindano ikapita kwenye kucha. Tangu hapo, hata Mama Mdogo akitaka kupokea simu husubiri mwimbaji amalize.

Basi redio ikaanza kula kanda. Ilikula moja, ikala nyingine, na kila mara Baba Mdogo alikaa chini na kalamu akiuzungusha mkanda taratibu kuurudisha ndani, midomo ameibana kama anayemlisha mtoto dawa. Ilipoila ya mwisho tukafanya kazi kimya. Si kimya hasa, kwa sababu Kasuku alikuwepo. Lakini vyerehani vilizubaa, na mimi niliyezoea kusema "geuza" nikawa nakisia tu kwa jua la mlangoni.

"Sasa hiyo redio itoke," Mama Mdogo akasema, mdomo umejaa pini. "Kona ile nataka kuweka overloki. Kila nguo napeleka kwa watu kupigwa ukingo, na kona imekaliwa na maiti."

"Haijafa," Baba Mdogo akasema. "Spika nzima, besi nzima. Imekosa chakula tu."

"Imekula kanda zote, bado imekosa chakula?"

Kasuku alicheka mpaka akapoteza mshono. Baba Mdogo hakucheka. Alistaafu ukarani wa ghala, akarudi nyumbani akakuta kila kitu ni cha kushonea. Meza ya kulia chakula ni ya kukatia. Kabati lake la nguo lina majora. Hata kiti chake cha mikono kilikatwa mgongo kikawa stuli ya Bi Meno. Kitu chake kilichobaki humu ndani ni redio, na kila akipita huifuta vumbi kwa kiwiko cha shati, hata kama nimeifuta mimi dakika ileile.

Akaomba apewe nafasi. Tulikuwa tumepata kazi kubwa, mashati ya mikono mirefu ya walinzi wa kampuni moja, na bosi wao alishasema asiposhona kwetu awamu ijayo basi ni kwa sababu tumemwangusha. Baba Mdogo akasema, "Nipe mpaka mzigo wa walinzi uishe. Nitaipa redio muziki usiokwisha. Mtashona mpaka mshangae."

Mama Mdogo akatoa pini mdomoni, moja moja, akizichoma kwenye kimto cha mkononi. Akitoa pini ujue anasema la mwisho. "Mzigo wa walinzi ukitoka salama, redio ibaki. Ukiharibika kwa sababu ya redio yako, hata kola moja, namwita Chakavu na mkokoteni wake aibebe kwa bei ya vyuma. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Mashahidi mpo?"

"Tupo!" akajibu Kasuku, kabla hata Bi Meno hajageuka.

Baba Mdogo akaishusha kutoka juu ya kabati kompyuta ya mkononi ambayo binti yao aliiacha alipopata mpya. Herufi moja imeng'oka, betri ukiichomoa kwenye umeme inazima, lakini inawaka. Kisha akaleta kisanduku kidogo cheusi, mfano wa kipande cha sabuni ya kuogea. Nilimshikia tochi nyuma ya redio akitafuta matundu ya kuchomeka waya mwekundu na mweupe, na kule nyuma tulikutana na bobini, vifungo, na kidani ambacho Mama Mdogo aliwahi kumtuhumu wifi yake kuwa amekiiba.

"Hiki usikionyeshe leo," Baba Mdogo akaninong'oneza, akakitia mfukoni. "Leo niachie redio peke yake."

Akanieleza namna inavyokwenda, maana mimi huuliza. Nyimbo haziko ndani ya kompyuta. Ziko mbali, kompyuta inazivuta kwa mtandao, inazirusha hewani, kisanduku kinazidaka na kuzimwaga kwenye redio. "Yaani sebuleni hapa muziki unapita kichwani kwako na husikii," akasema, "mpaka ufike kwenye spika." Niliangalia juu kidogo. Sikuona kitu, ila niliinamisha kichwa.

Kisanduku kilipodakana na kompyuta, kitu cha kwanza kutoka hakikuwa wimbo. Ulikuwa ule mlio wa kompyuta wa kukuambia kitu fulani kimetokea, ting!, mdogo tu ukiusikia kwenye kompyuta. Kwenye spika zile ulitoka kama sufuria limeanguka toka mbinguni. Bi Meno aliinua miguu yote miwili hewani. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Bi. Imeunganika."

"Ikiunganika ndiyo inapiga mtu?"

Halafu muziki ukaja. Sitasema uongo, ulikuwa mtamu. Magitaa yalikuwa yamesimama mbali mbali, unaweza kusema huyu yuko kwenye mlango na huyu yuko kwenye pasi. Besi ilipanda kwa miguu ya meza mpaka kwenye bobini zikawa zinatikisika kwenye kopo lao. Kasuku alinyamaza. Mama Mdogo akachungulia kutoka barazani alikokuwa anakata kola na simu sikioni, akamtazama mume wake, akarudi bila neno. Kwa Mama Mdogo, hiyo ni sifa.

Kazi ya siku ile ilikuwa mikono. Vipande vya mikono vilikuwa vimekatwa tayari, vimerundikwa pamoja, na kitambaa chenyewe ni kile kigumu cha walinzi, hakina ndani wala nje, ukikigeuza ni kilekile. Kipande kinakuwa cha kulia au cha kushoto kutegemea umeweka wapi mpasuo na umekunja wapi kafu, ule ukanda wa kifundoni. Mafundi wakaanza kulia kama kawaida.

Mimi nilikaa mahali pangu karibu na redio, pasi mkono mmoja, mkono mwingine umezoea kuwa tayari. Wimbo ulipoisha nikainuka nusu. Ukaingia mwingine. Nikakaa. Ukaisha, ukaingia mwingine. Baada ya nyimbo nyingi nikamwuliza Baba Mdogo, "Nigeuze?"

Alikuwa ameketi kwenye gunia la vipande, kompyuta mapajani, shingo imenyooka kama rubani. "Hakuna kugeuza, mwanangu. Hiyo ndiyo raha yake. Hii haina upande."

Basi nikapiga pasi. Kila baada ya nyimbo kadhaa alikuwa anaingia mwanamke mmoja mwenye sauti ya tabasamu, anauliza, "Je, umechoka kukatizwa na matangazo?"

"Nimechoka na wewe," Bi Meno akawa anamjibu, bila kuinua macho.

Vyerehani vilikimbia. Mikono ilipanda kwenye kapu, nikaitoa, ikapanda tena. Jua likapita mlangoni, likaenda zake dirishani, na hakuna aliyekunywa chai. Bi Meno alianza kupepesuka kidogo kwenye stuli yake isiyo na mgongo. "Kanda hii ndefu jamani," akasema. "Walioimba hawakuwa na watoto nyumbani?"

"Bi, si tusimame tunywe chai?" nikamwambia.

"Tunasimama upande ukiisha. Ukisimama kabla, utashindwa kujua ulikuwa wapi." Na Kasuku, aliyekuwa anaitikia kiitikio, hakusikia hata tunazungumza nini.

Mama Mdogo akaingia amebeba miili ya mashati begani. Alipoona kapu la mikono akasimama. Nilimwona anavyojizuia asitabasamu. "Yote hii ya leo?"

"Ya leo," Baba Mdogo akasema. "Na redio haijatoa jasho."

"Haya simama nikuvalishe."

Baba Mdogo ndiye sanamu letu la kupimia. Ana mwili wa mlinzi, mabega mapana na kitambi cha kiasi, na tangu astaafu hana mahali pa kusema ameitwa. Mama Mdogo akapachika mikono miwili kwenye shati moja, haraka, mshono mrefu, akamvika. Akafunga kifungo cha mkono wa kulia. Sawa. Akashika mkono wa kushoto, akazungusha, akatafuta kifungo nyuma ya kifundo kinapokaa siku zote. Hakipo. Akauzungusha tena. Kifungo kilikuwa mbele, upande wa kidole gumba, kinamtazama.

"Nyoosha mkono," akasema.

Baba Mdogo akanyoosha. Bega likavutika, kola ikaenda sikioni.

"Mbona naona sawa tu?" akasema, kichwa upande. "Nikiukunja hivi... halafu nikitembea hivi..." Akatembea hatua mbili kama kaa. "Mlinzi mwenyewe muda mwingi amekaa."

Mama Mdogo alichukua mkono mwingine kapuni, akaulaza juu ya ule. Akachukua mwingine. Akapindua kapu zima mezani kwangu, akawa anaitupa mikono mmoja baada ya mwingine: "Kulia. Kulia. Kulia. Kulia." Sauti yake ilikuwa inashuka kila mkono. Alipofika chini ya rundo, ikawa ni kunong'ona. "Kulia."

Vyerehani vikasimama. Wimbo uliendelea, na kwa bahati mbaya ulikuwa wa furaha sana.

"Kasuku," Mama Mdogo akaita, "kwa nini hujahamia kushoto?"

"Sijasikia 'geuza', Mama."

"Bi Meno, na wewe?"

"Mimi nimeshona hapa tangu binti yako ananyonya. Nikiambiwa geuza nageuza. Leo nani amesema geuza?"

Wote wakanitazama mimi. Mimi nikamtazama Baba Mdogo. Baba Mdogo akaitazama kompyuta, na kompyuta ikasema, "Je, umechoka kukatizwa na matangazo?"

Kasuku ndiye aliyeanza. Aliziba mdomo kwa kipande cha kitambaa lakini mabega yalimwumbua. "Walinzi wenye mikono yote ya kulia," akasema kwa shida. "Mwizi atapigwa saluti mbili, atachanganyikiwa, atajipeleka kituoni mwenyewe." Bi Meno akacheka mpaka meno yenyewe yakaonekana yote. Mama Mdogo hakucheka. Alichukua simu.

"Haloo, Chakavu? Njoo na mkokoteni. Ndiyo, ile redio. Njoo sasa hivi."

Baba Mdogo akakaa kwenye gunia na shati lake la mikono ya kulia. Hakubishana. Walikuwa wameelewana, na mashahidi walikuwepo. Nilipomwona anaifuta kompyuta vumbi kwa kiwiko, nikajikuta nimeshika pasi hewani mpaka ikaanza kunichoma uso kwa moto wake.

Mama Mdogo ni mtu wa kazi hata akiwa na hasira. Bosi wa walinzi alikuwa anakuja asubuhi yake. Akagawa: nusu ya mikono ifumuliwe mpasuo na kafu, igeuzwe, ishonwe upya kushoto. Yeye anapachika kwenye miili. Mimi napiga pasi na kushona vifungo. Mafundi wakaloweka mkate kwenye chai wakiwa wamesimama, wakarudi kukaa. "Na nani anafumua?" akauliza Bi Meno.

Kazi ya kufumua hakuna anayeipenda. Baba Mdogo akanyoosha mkono, ule wa kushoto wenye kifungo cha mbele. "Nipe wembe," akasema.

Katika miaka yote hakuwahi kugusa uzi, alikuwa akisema uzi unamletea usingizi. Mkono wa kwanza alioufumua aliutoboa. Wa pili akauliza maswali mengi. Wa tatu nikamwonyesha namna ya kukata nyuzi kwa kurukia, moja hapa, moja pale, kisha unavuta upande wa pili na uzi unatoka mzima kama unavyotoa mfupa wa samaki. Akavuta. Ukatoka. Aliuinua juu kwenye mwanga, akafurahi kama aliyeutengeneza yeye.

Hapo Chakavu akapiga hodi. Ni mtu mnene mwenye kofia ya sufu, ananunua chuma chochote, na ana adabu sana kwa mtu wa biashara ile. Akasalimia kila mmoja, akaitazama redio, akaguna kwa heshima. "Hii hata kuivunja dhambi," akasema.

"Haivunjwi hapa, inavunjwa kwako," Mama Mdogo akamjibu. Alikuwa amepiga magoti kwenye miili ya mashati, hakuinua kichwa. "Ila subiri. Wimbo huu ukiisha, chomoa waya ubebe. Sitaki kidole cha mtu."

"Hamna shida, mama. Wimbo ukiisha." Chakavu akakaa kwenye ukingo wa gunia, ubavuni mwa Baba Mdogo.

Mimi nilikuwa nashona kifungo macho yangu yakiwa kwenye mikono ya Baba Mdogo, kwa hiyo niliona. Aliweka wembe chini. Akavuta kompyuta polepole, kama mtu anayejikuna. Mle ndani kuna mahali pa kuchagua nyimbo ziingiane, huu kabla haujaisha ule umeshaanza chini kwa chini, usijue mpaka wake uko wapi. Alibonyeza. Akarudisha kompyuta. Akachukua wembe.

Wimbo ukafika mwisho. Chakavu akaweka mikono magotini ainuke. Lakini gitaa moja lilikuwa limeshaingia kwa nyuma, na ngoma nyingine chini yake, na mwimbaji wa kwanza anaaga huku wa pili anakaribishwa. Chakavu akainamisha kichwa, akasikiliza, akakaa tena.

"Mrefu huu," akasema.

"Ndiyo unaanza kunoga," Baba Mdogo akasema.

Baada ya muda yule mwanamke wa tabasamu akaingia, naye kaingilia juu ya ngoma, akaanza kusifia dawa ya meno. Chakavu akasimama kabisa. "Mzee, huu sasa si wimbo. Huyu anauza dawa ya meno."

"Ni kibwagizo."

"Kibwagizo kinataja bei?"

"Nyimbo za siku hizi," Baba Mdogo akasema, akaugeuza mkono kwenye mapaja. "Ukiwa umekaa hapo, nishikie huku. Vuta. Taratibu. Umeona inavyotoka?"

Chakavu akavuta. Uzi ukatoka mzima. Akautazama. "Hebu mwingine," akasema.

Mama Mdogo alikuwa anajua. Mtu anayeweza kusikia sindano imedondoka kwenye zulia atashindwa kusikia wimbo usiokwisha? Lakini vyerehani vilikuwa vinakwenda kama vimetiwa upepo, Bi Meno haongei, Kasuku haongei, mikono ya kushoto inaanguka kapuni puu, puu, puu. Akainamia kazi yake. Nilitazama chini ya meza na nikaona kidole kikubwa cha mguu wake. Kilikuwa kinacheza.

Tulienda hivyo mpaka jua likaondoka dirishani na nikawasha taa. Rundo la kufumua likaisha, Baba Mdogo na Chakavu wakawa wanagombea mkono wa mwisho kama watoto. Kapu la kushoto likawa linakaribia lile la kulia. Bado kidogo tu. Na hapo, katikati ya kiitikio, muziki ukakatika.

Ulikatika kweli, pasipo kuaga. Bi Meno akabana mguu. Kasuku akaruka na kuficha vidole kwapani. Baba Mdogo akaishika kompyuta kwa mikono miwili, akasoma, uso ukashuka.

"Bando limekwisha," akasema.

Ukimya ule, baada ya muziki wa siku nzima, ulikuwa na uzito wake, kama kuvuliwa koti usilojua umelivaa. Kasuku akajaribu kukanyaga. Cherehani kikasema ta-ta, ta, kikasimama. Akajaribu tena. Ta. Bi Meno alifikicha macho, na ghafla akawa mzee.

Chakavu akainuka. Alikunja wembe kwenye karatasi, akamrudishia Baba Mdogo kwa mikono miwili. "Pole, mzee," akasema. "Maneno yalikuwa wimbo ukiisha." Akaenda nyuma ya redio, akainama, akashika waya. Baba Mdogo akatazama ukutani.

"Unafanya nini?" Mama Mdogo akauliza. Bado amepiga magoti, hajageuka.

"Wimbo umeisha, mama."

Mama Mdogo akaanza kutoa pini mdomoni. Moja. Nyingine. Nyingine. Tulikuwa tunazihesabu kwa macho. Akachoma ya mwisho kwenye kimto.

"Haujaisha," akasema. "Tunageuza upande."

Akaingiza mkono kifuani, akatoa simu yake, akamnyooshea mume wake bila kumtazama. "Shika. Washa hiyo hotspoti yenu. Bando langu ni la mwezi mzima. Na ukisoma meseji zangu, na wewe nakupakia kwenye mkokoteni."

Baba Mdogo aliipokea simu ile kwa namna ambayo nadhani hata pete ya ndoa hakuipokea hivyo. Alikosea namba ya siri mara mbili. Kisha ting!, kama sufuria toka mbinguni, na safari hii Bi Meno hakuinua hata unyayo. Magitaa yakarudi mahali pake, moja mlangoni, moja kwenye pasi.

"Geuza!" nikapaza sauti, nami sijui nageuza nini.

"Geuzaaa!" akaitikia Kasuku, na vyerehani vikaondoka.

Chakavu alibaki na waya mkononi. Akauchomeka tena vizuri, akaupapasa. "Sasa mimi?" akauliza.

"Wewe kaa uvibandue vile vifungo kwenye karatasi yake," Mama Mdogo akasema. "Chai inakuja. Ya upande wa pili."

Asubuhi bosi wa walinzi alikuja, akavaa shati moja juu ya shati alilokuja nalo, akanyoosha mikono mbele, akainua juu, akapiga saluti kwa kulia, halafu kwa utani akapiga kwa kushoto. Kasuku ilibidi akimbilie jikoni. Bosi akasema mashati yamekaa, na wale wa usiku nao wataletwa kupimwa. Lilipoondoka fungu zima, Mama Mdogo akaisogelea redio, akaiinamia kwa sikio kama daktari. "Ibaki," akasema. "Lakini overloki nayo inakuja."

Na imekuja. Imewekwa juu ya spika ya kushoto, na spika ina urefu unaoifaa kabisa, kama ilichongewa. Shida ni moja: besi ikipanda sana uzi unakatika, kwa hiyo Baba Mdogo amekatazwa nyimbo fulani mpaka jioni. Chakavu aliondoka siku ile na mkokoteni mtupu, ila hupita akisikia muziki, anauliza kama kuna cha kufumua. Lile shati la mikono miwili ya kulia halikufumuliwa. Baba Mdogo analivaa nyumbani, kola imelala sikioni, na akiulizwa anasema ndiyo mtindo wa watu wa muziki. Kile kidani bado kiko mfukoni mwake. Anasema anasubiri siku atakayokuwa na kosa kubwa zaidi.

Kuhusu kugeuza, walijaribu mengi. Baba Mdogo aliipanga kompyuta inyamaze baada ya nyimbo kadhaa, lakini ikinyamaza Bi Meno anafikiri bando limekwisha na anaanza kutafuta viatu aende nyumbani. Akarekodi sauti yake mwenyewe akisema "geuza". Kwenye spika zile ilitoka nzito kama ya kiyama, na mteja aliyekuwa anapimwa akaanza kuungama.

Mwishowe Mama Mdogo akaniita. "Wewe kaa mahali pako palepale," akaniambia. "Ukiona wametosha, fanya ulivyokuwa unafanya."

Basi ndivyo ninavyofanya. Nawatazama. Nikiona mgongo wa Bi Meno umeanza kutafuta mgongo wa kiti uliokatwa, na kapu limefika shingoni, naweka pasi wima. Muziki hausimami, unaendelea kupita juu ya vichwa vyetu. Nafungua kimlango cha kanda, ndani hakuna kanda, nakifunga. Klak.

"Geuza!"

Nao wanageuza.